Banda Liko Berlin, Broka Yuko Murang'a

Wasee, leo tuongee kuhusu zile picha. Unazijua. Watu kumi na wawili wamevaa suti, wamesimama mbele ya banda lenye bendera ya Kenya. Nyuma yao kuna bango la simba na jua linazama. Mbele yao kuna kikapu cha avokado, pakiti tatu za chai na shuka la Kimaasai limetandikwa mezani. Maelezo chini ya picha: "Tunafungua masoko mapya kwa mkulima wa Kenya." Komenti zinagawanyika katikati. Nusu wanapiga makofi, nusu wanauliza hiyo safari imekula ushuru wetu kiasi gani. Baada ya siku mbili kila mtu amesahau, hadi mwaka unaofuata picha zirudi tena, simba yuleyule.

Mimi siko na kambi yoyote kati ya hizo mbili, na nitasema msimamo wangu mapema. Kenya lazima iende kwenye maonyesho ya chakula ya kimataifa, tena iende kwa nguvu zaidi. Lakini tumekuwa tukihesabu kitu kisicho. Tunahesabu safari, kadi za biashara na hati za maelewano zilizotiwa sahihi. Hakuna anayetuambia ni kontena ngapi ziliondoka Mombasa kwa sababu ya hiyo safari. Na hadi tuanze kuuliza hilo swali, mkulima wa Murang'a ataendelea kuuza kwa broka kwa bei ambayo broka ameamua akiwa ndani ya pikapu.

Hii si Show ya Jamhuri

Ukisema "maonyesho", akili za wengi wetu zinaenda Jamhuri Park: basi la shule, ng'ombe wa maziwa mkubwa kuliko gari, bembea, soda, halafu vumbi hadi nyumbani. Hiyo ni poa, lakini ile ya ng'ambo ni kitu tofauti kabisa.

Kuna Fruit Logistica ya Berlin, kila Februari, ambayo ni ya matunda na mboga tu, na waonyeshaji wanapita 2,000. Kuna Gulfood ya Dubai, imekuwepo tangu 1987, na ni ya kila aina ya chakula. SIAL ya Paris na Anuga ya Cologne zinapokezana, mwaka mmoja hii, mwaka unaofuata ile. Madrid wako na Fruit Attraction. Na Shanghai, kila Novemba tangu 2018, kuna maonyesho ambayo China imeyaandaa makusudi kwa watu wanaotaka kuwauzia wao.

Wanaoingia huko hawajaenda kuonja vya bure. Ni wanunuzi wa supamaketi, waagizaji wakubwa, watu wa meli, wauza mashine za kupanga matunda kwa saizi. Wengi wao miadi yao imepangwa wiki nyingi kabla. Mnunuzi anafika kwa banda lako akiwa na dakika chache, na maswali yake hayana salamu ndefu. Katoni ya kilo 4 inabeba matunda mangapi, 16 au 20? Unaweza kunipa kontena ngapi kwa wiki, kuanzia lini hadi lini? Cheti cha GlobalG.A.P. kiko? Mabaki ya dawa yalipimwa wapi? Bei ni gani mzigo ukiwa Mombasa, na ni gani ukifika Rotterdam?

Sasa, kama aliyesimama pale ni mtu ambaye hajawahi kuuza hata kreti moja ya nyanya, jibu litakuwa ni moja tu: "Tutakutumia barua pepe." Buda, huyo mnunuzi ameshatembea hatua kumi na yuko kwa banda la Peru.

Na Peru nimeitaja kwa sababu. Msimu wetu mkubwa wa avokado aina ya Hass unaanza karibu Machi na kwenda hadi Septemba hivi. Peru nao wanavuna sana kuanzia Aprili hadi Agosti. Kwa hivyo yule mnunuzi akitembea Berlin mwezi wa Februari, anaamua atajaza rafu zake na tunda la nani msimu huo, letu au lao. Peru inauza nje avokado mara kadhaa kuliko sisi. Mwaka wa 2017 walizindua chapa moja ya vyakula vyao vyote, Super Foods Peru, na kila maonyesho wanafika na jina hilohilo. Mnunuzi hahitaji kuulizwa kama anawajua. Anawajua.

China: miaka minne kutoka kupeana mikono hadi tunda

Wale wanaosema maonyesho hayana maana, wafuate hii hadithi. Na wale wanaosema yanatosha pia waifuate.

Novemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa Shanghai kwenye yale maonyesho ya kwanza kabisa. Picha zilikuwa safi. Watu walianza kuzungumza kuhusu Wachina zaidi ya bilioni moja wakila avokado ya Kenya, na ukipiga hesabu ya tunda moja kwa kila mtu kichwa kinazunguka.

Mwaka wa 2019 makubaliano yakafika, lakini yakiwa na sharti: avokado iende ikiwa imegandishwa. Imenywe, igandishwe hadi nyuzi 30 chini ya sufuri, halafu isafiri ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri. Niambie ni mkulima gani wa Kisii au wa Kandara ana mtambo wa namna hiyo. Hata kampuni zenyewe, ni chache sana zilizokuwa nao. Soko lilikuwa limefunguliwa kwa karatasi, na mlango uko juu kama dirisha la gereza.

Ikabidi watu warudi mezani. Si watu wa picha. Ni watu wa KEPHIS, wale wanaokagua wadudu na magonjwa ya mimea, na wenzao wa forodha ya China. Shamba linasajiliwa vipi, jumba la kupakia linakaguliwa vipi, nzi wa matunda anadhibitiwa vipi. Januari 2022, Mombasa, makubaliano ya avokado mbichi yakatiwa sahihi. Agosti 2022 mzigo wa kwanza ukaenda.

Hesabu hapo: karibu miaka minne. Maonyesho yalifanya kazi yake, yaani yaliwasha hamu. Lakini aliyefungua mlango ni mtu aliyevaa koti jeupe akitazama mdudu kwa lenzi, na hakuna mtu alimpiga picha akaipost.

Embe zetu zilikaa nje miaka saba

Mfano mwingine, huu wa kuuma. Mwaka wa 2014 Kenya yenyewe ilijisimamisha kuuza embe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Mizigo ilikuwa inanaswa, na ni afadhali ujitoe mwenyewe kuliko kufukuzwa. Zuio hilo liliondolewa 2021, baada ya kazi ndefu ya kupambana na hao nzi huko mashambani, kwa mitego na kwa usafi wa mashamba.

Miaka saba! Mtoto aliyeingia darasa la kwanza embe zikizuiwa, alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi zikiruhusiwa tena. Katika hiyo miaka yote ungejenga banda la dhahabu pale Berlin, uweke na bendi ya Bongo na Benga, na bado hungeuza embe hata moja Ujerumani. Shida ilikuwa Makueni na Machakos, chini ya mti, kwa tunda lililoanguka likaachwa lioze na nzi wazaane.

Siku hizi utasikia watu wakisema tuko sawa kwa sababu mkataba wa kibiashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kazi tarehe 1 Julai 2024, na bidhaa zetu zinaingia bila ushuru. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini ushuru si ndio uliokuwa unarudisha mishiri yetu. Ni mabaki ya dawa. Kulipa sufuri langoni hakukusaidii kama mzigo wenyewe umekataliwa langoni.

Chai: tunajulikana na wasionunua kwetu

Halafu kuna chai, na hii ndiyo hunimaliza. Kenya inauza nje zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka. Nyingi inapita kwa mnada wa Mombasa ikiwa kwenye magunia makubwa. Haina jina, haina sura, haina hadithi. Inaenda Pakistan, Misri, Uingereza, na huko inachanganywa na chai nyingine, inawekwa kwenye boksi la rangi ya kupendeza lenye jina la mtu mwingine.

Dubai hawana hata kichaka kimoja cha majani chai. Ni jangwa. Lakini Falme za Kiarabu ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa kununua chai, kuichanganya, kuipakia na kuiuza tena. Kwa hivyo ukitembea Gulfood, unaweza kabisa kupita banda la mtu anayekuuzia chai ya Kericho bila wewe kujua, na bila yeye kuwa na haja ya kukuambia.

Tunapeleka Dubai pakiti tatu mezani kama maonyesho, huku magunia ya chai hiyohiyo yameshafika bandarini na yamepewa jina lingine. Swali la kumuuliza kila anayeenda Gulfood kwa niaba yetu ni rahisi. Mwaka jana, kati ya kilo tulizouza huko, ngapi zilikuwa kwenye pakiti iliyofungwa Kenya? Hiyo namba ikipanda, mimi mwenyewe nitapost ile picha ya simba.

Huku nyumbani kuna nini?

Tuseme basi mambo yameenda vizuri. Mnunuzi wa Berlin amekubali. Anataka Hass, katoni za kilo 4, kila wiki kwa wiki kumi. Sasa hiyo avokado itatoka wapi?

Itatoka kwa wakulima wadogo wenye miti kumi, ishirini, hamsini. Wengi hawana cheti, kwa sababu cheti kinataka rekodi za kila dawa iliyopuliziwa, choo cha wavunaji, stoo ya kemikali, na mkaguzi wa kulipwa. Mtu mmoja hawezi. Kikundi kinaweza, na ndiyo maana kuna cheti cha kikundi. Mahali vikundi vimeshikana, mnunuzi anakuja hadi kwa geti. Mahali kila mtu yuko kivyake, anakuja broka na kijana wa kupanda mti, anachuma yote, makubwa kwa madogo, yaliyokomaa na machanga, anaondoka.

Na hayo machanga ndiyo yanayotuchoma. Avokado iliyochunwa kabla ya wakati haiivi, inakauka na kusinyaa kama mpira wa tenisi uliozeeka. Mjerumani akiinunua mara moja, hajui broka, hajui Murang'a, anajua tu kwamba kibandiko kiliandikwa Kenya. Ndiyo maana serikali imekuwa ikifunga uvunaji wa avokado ya kuuza nje mwisho wa mwaka hadi matunda yakomae. Watu hulalamika, na naelewa, ada ya shule ya Januari haingoji. Lakini katoni moja mbaya huharibu kazi ya mabanda kumi.

Ongeza na bahari. Tangu mwisho wa 2023, mashambulizi kule Bahari ya Shamu yamefanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Hiyo ni karibu wiki mbili zaidi majini. Avokado si simenti, kila siku inahesabika. Mnunuzi wa maana atakuuliza umejipangaje kwa hilo, na hataki kujibiwa kwa ngoma ya kitamaduni.

Tunachofaa kudai

Kizazi chetu kilikaa chini 2024 kikasoma Mswada wa Fedha, vifungu kwa vifungu, kikautafsiri kwa lugha za nyumbani, kikauchora hadi nyanya zetu wakauelewa. Kwa hivyo msituambie mambo ya mauzo ya nje ni magumu sana kwetu. Haya ndiyo mambo yangu matano.

Moja, orodha ya msafara iwekwe wazi kabla ya ndege kuruka. Nani anaenda, anauza nini, na analipiwa na nani. Kwa kila ofisa mmoja, nataka kuona wauzaji watatu au wanne.

Mbili, wauzaji wadogo wapewe nafasi ya kweli. Nafasi ya banda inalipiwa kwa mita ya mraba, halafu kuna kulijenga, tiketi, hoteli, sampuli. Viza ya Schengen peke yake ni yuro 90, na ukikataliwa hairudishwi. Kampuni kubwa itajilipia. Yule dada anayekausha maembe Kitui, au kikundi kinachokamua mafuta ya avokado, hawataweza bila mkono. Tuna wakala wa kazi hii, KEPROBA, iliyoundwa 2019 kwa kuunganisha waliokuwa wakikuza mauzo ya nje na waliokuwa wakijenga chapa ya Kenya. Iwapimwe kwa wangapi wadogo imewafikisha, na wangapi kati yao walirudi na oda.

Tatu, ripoti itoke baada ya miezi sita na nyingine baada ya mwaka. Siku tatu baada ya maonyesho kila mtu ana "mazungumzo mazuri". Miezi sita baadaye ndiyo unajua nani alilipwa. Ukurasa mmoja unatosha: tulikutana na wanunuzi wangapi, walioagiza wangapi, kontena ngapi, shilingi ngapi, na mkulima alipata kiasi gani kwa kilo.

Nne, kwa kila shilingi inayoenda kwa banda, iende nyingine kwa maabara, wakaguzi na vituo vya kuhifadhi baridi mashinani. Embe zilitufundisha hilo kwa miaka saba.

Tano, tuamue jina moja na tukae nalo. Mexico wana Avocados From Mexico, inayoendeshwa na wakulima na wapakizi wao pamoja na waagizaji wa Marekani. Kuanzia 2015 waliweka tangazo la avokado ndani ya Super Bowl. Tunda! Katikati ya matangazo ya magari na bia! Hawakufika hapo kwa kubadilisha kaulimbiu kila waziri akibadilishwa.

"Sasa mimi wa Umoja inanihusu nini?"

Najua kuna mtu ameshaandika hivyo kwenye komenti. Inakuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kazi. Kati ya mti na ile rafu ya Berlin kuna kazi nyingi ambazo hazihitaji shamba. Mtu wa kuweka rekodi za kikundi kwenye simu ili mkaguzi akija apate kila kitu. Mtu wa kubuni pakiti ya chai isiyofanana na ya mwaka wa 1985. Mtu anayejua Kijerumani, Kichina au Kiarabu, na hao wako, wengine wamekaa nyumbani na vyeti vyao. Mtu wa kumpigia mnunuzi simu wiki mbili baada ya maonyesho, kwa sababu oda nyingi hufa hapo, kwa ukimya. Mtu wa kupiga video ya shamba lenyewe, na mkulima akiongea, badala ya simba ambaye sidhani amewahi kula avokado.

Ya pili ni pesa yako. Dola inayoingia kwa chai, avokado na mishiri ndiyo inayosaidia shilingi isianguke. Shilingi ikianguka, unalia kwa mafuta ya gari, unalia kwa bei ya simu, unalia hata kwa ngano ya chapati, kwa sababu nyingi yake tunaagiza kutoka nje. Kwa hivyo kontena moja zaidi ikitoka Mombasa, hata wewe ambaye hujui mti wa macadamia unafananaje, unaguswa.

Wengine watasema, na ni hoja nzito, kwamba badala ya kuhangaika na Ulaya tuwauzie majirani kwanza, Uganda, Kongo, Sudan Kusini, ambako hauhitaji viza ya yuro 90. Nakubali tuuze huko, na kwa wingi. Lakini usafi wa tunda ni uleule. Mtoto wa Kampala naye hataki mabaki ya dawa tumboni. Tukijenga mashinani kwa ajili ya Berlin, tumejenga pia kwa ajili ya Goma, Juba, na hata mama mboga wa hapo kwa steji yenu.

Kwa hivyo msafara ukiondoka tena, usipige makofi wala usitukane kwanza. Screenshot ile posti, weka tarehe kwenye kalenda ya simu yako, miezi sita mbele. Siku hiyo ikifika, rudi kwenye akaunti ileile na uandike maneno matatu tu: "Kontena ni ngapi?" Mkiwa elfu kumi mnaouliza, nakuhakikishia mtu ataanza kuhesabu.

Na wewe uliye na miti nyumbani, au mzazi wako anayo, niambie hapo chini: msimu uliopita mliuzia nani, na tunda moja lilienda kwa ngapi? Usitaje jina la mtu. Taja bei na kaunti tu. Nitazipanga zote kwenye jedwali moja, na tutaliweka kando ya ile picha ya banda.